Kupima Nyuma Kwanza: Mjadala wa Banissa

Gari likivuta upande mmoja, mafundi wengi hukimbilia mbele. Wanashika usukani, wanatikisa magurudumu ya mbele, wanalegeza na kukaza fimbo za usukani, kisha wanamrudishia mwenyewe gari lake. Nyuma hakuguswi. Mimi nashikilia kwamba kazi hiyo imeanzwa mwisho. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linasukumwa kuelekea wapi, na ya mbele hupangwa kufuata mstari huo. Ya mbele yakitangulia kupimwa, yanapimwa kwa kulinganishwa na kitu ambacho hakuna aliyekihakiki.

Ukweli huu ulionekana wazi zaidi kwenye magari ya michezo ya zamani yaliyokimbia Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikaja Datsun 240Z, Porsche 911 na Ford Escort, magari mepesi yaliyozoea lami, yakatupwa kwenye mawe na matope yetu. Tangu mwaka 2003 kuna mbio za East African Safari Classic za magari hayohayo ya kale, na fundi anayeyaandaa bado anahangaika na swali lilelile la nyuma.

Mjadala wenyewe nimeuweka Banissa, Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Huko gari ni Land Cruiser yenye magunia au Probox yenye abiria, na njia ya kwenda Rhamu au Takaba haimwonei haya mtu yeyote. Hoja inayoweza kusimama pale, bila mashine ya leza wala sakafu ya saruji, itasimama popote. Wazungumzaji nimewatunga mwenyewe, lakini hoja zao ni zile zinazosikika kwenye gereji yoyote. Kuna fundi wa Banissa mwenyewe. Kuna fundi wa Mombasa, mwandaaji wa magari ya kale ya Safari, ambaye dada yake ameolewa na huyo wa Banissa. Kuna maalim anayefundisha fizikia sekondari, mama mwenye Land Cruiser ya kubebea bidhaa za duka lake, na kijana anayemwendeshea.

FUNDI WA BANISSA: Shemeji, karibu sana. Lakini nikuambie mapema, habari ya kupima magurudumu ya nyuma ni habari ya watu wa lami. Hapa gari linatoka asubuhi likiwa limenyooka, linarudi jioni limepinda. Mimi natazama bushi, nakaza yubolti, naingiza grisi, nimemaliza. Nyuma ya Land Cruiser hakuna boliti ya kurekebisha. Sasa nirekebishe nini?

FUNDI WA MOMBASA: Hilo la boliti sikupingi, shemeji yangu. Eksili ya nyuma ni bomba moja gumu, gurudumu la kushoto na la kulia yamefungwa humo, huwezi kuligeuza moja ukaliacha jingine. Ford Escort aliyoshinda nayo Hannu Mikkola mwaka 1972, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuchukua Safari, ilikuwa na eksili ya namna hiyohiyo. Lakini kutoweza kurekebisha ni jambo moja na kutohitaji kupima ni jambo jingine. Hebu niambie, senta bolti ya springi ikikatika, eksili inafanya nini?

FUNDI WA BANISSA: Inateleza kurudi nyuma upande huo. Nimeona nyingi.

FUNDI WA MOMBASA: Inateleza kiasi gani kabla hujajua?

FUNDI WA BANISSA: Mpaka tairi liguse bodi. Au dereva alalamike.

DEREVA: Adeer, mimi hulalamika mapema, ila hakuna anayenisikiliza. Usukani unakaa kombo, gari linakwenda mbele. Walio nyuma yangu wananiambia gari langu linatembea kwa ubavu.

MAALIM: Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme springi ya kushoto na ya kulia ziko umbali wa mita moja. Upande mmoja ukirudi nyuma sentimita moja tu, eksili imepinda kwa moja kwa mia. Maana yake, kila kilomita moja, nyuma ya gari inataka kwenda pembeni mita kumi. Dereva anaizuia kwa kukunja usukani kidogo bila kujitambua, akidhani ananyoosha gari. Sentimita moja, adeer. Huioni kwa macho hata ukichuchumaa.

MAMA: Kwa hiyo ndiyo inayonimalizia tairi?

MAALIM: Hapana, mama, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili. Gari linalokwenda kwa ubavu halili tairi sana. Magurudumu yote manne yanakuwa yameelekea njia moja, ni mwili wa gari tu uliokaa mshazari. Hasara yake iko kwingine. Kona ya kulia na kona ya kushoto hazifanani tena, na ukifunga breki ghafla kwenye kokoto mkia unachagua upande wake. Kinachokula tairi ni magurudumu mawili ya eksili moja yasiyopatana, moja linaelekea huku, la pili kule. Gurudumu lililopinda digrii moja linavutwa pembeni mita 17 na nusu kwa kila kilomita. Mpira hauwezi kuvumilia msuguano huo.

Nataka msomaji akae hapa kidogo, kwa kuwa nimesoma na kusikia mara nyingi sana tairi zikilaumiwa kwa kosa la eksili iliyohama, na eksili ikisamehewa pale inapostahili lawama. Ni magonjwa mawili. La kwanza ni mkao wa eksili nzima chini ya gari. La pili ni mwelekeo wa kila gurudumu juu ya eksili yake. Ukiyatibu kwa dawa moja utapoteza pesa za mwenye gari, na mwenye gari huku kwetu mara nyingi ni mjane, mwenye duka au chama cha akina mama waliochanga.

FUNDI WA MOMBASA: Mama, ukitaka kujua bila kumlipa mtu, pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Likiwa laini ukienda ndani na linakwaruza ukirudi nje, magurudumu yameelekeza pua ndani kupita kiasi. Likiwa kinyume chake, pua ziko nje. Fanya hivyo mbele, kisha nyuma. Ukikuta makwaruzo hayo kwenye tairi za nyuma za Land Cruiser, mwambie shemeji yangu huyu aangalie bomba la eksili, kwa sababu eksili ngumu iliyonyooka haiwezi kuchonga tairi namna hiyo. Imepindwa na mzigo.

FUNDI WA BANISSA: Hilo nalikubali. Lakini shemeji, ulianza na magari ya mashindano ukayaacha. Datsun na Porsche zinahusiana nini na Banissa? Mwenye Porsche ana lori la mafundi nyuma yake.

FUNDI WA MOMBASA: Zinahusiana hivi. Kwenye gari lako kosa la nyuma linajificha, kwenye magari yale linapiga kelele. Chukua Datsun 240Z. Ilishinda mwaka 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda. Mwaka ule Mehta alifungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Sasa nyuma ya gari lile kila gurudumu linajitegemea, lina nguzo yake ya springi na mkono wake wa chini. Na kiwanda hakikuweka boliti yoyote ya kurekebisha nyuma, si mwelekeo wa gurudumu wala mwinamo wake, yaani kulala kwake ndani au nje.

FUNDI WA BANISSA: Umenipa ushindi mwenyewe! Kama waliolitengeneza waliona nyuma hakuna cha kurekebisha, mimi nani?

FUNDI WA MOMBASA: Walilitengeneza jipya, shemeji. Waliamini bodi itabaki ilivyotoka kiwandani. Leo gari hilo lina miaka zaidi ya 50, limeruka mitaro, limegongwa, limenyooshwa, limechomelewa. Sehemu zinazoshika ile mikono ya chini zimehama. Bushi za mpira zimekauka zikalegea, gurudumu linabadilisha mwelekeo kila ukikanyaga na kuachia mafuta. Na ukitaka kubadilisha bushi hizo utakutana na ile pini ndefu inayopita chini ya nguzo na kuushika mkono. Kila fundi wa Datsun hizo anaijua. Inaganda kwa kutu mpaka watu wanaikata kwa msumeno. Ukishaitoa ndipo unaweka bushi zenye tundu lisilokaa katikati. Ukizungusha bushi, tundu linahama, mkono unasogea milimita chache, gurudumu linarudi kwenye mstari. Kilichokosekana kiwandani unakitia mwenyewe.

DEREVA: Na Porsche?

FUNDI WA MOMBASA: Hiyo ndiyo shule, mwanangu. Injini yake imening'inia nyuma ya eksili. Porsche 911 haikuwahi kushinda ile Safari ya asili, ilikuwa ya pili mwaka 1972, ya pili 1974, ya pili tena 1978 chini ya Vic Preston mdogo. Lakini kwenye mbio za magari ya kale imekuwa mfalme. Björn Waldegård alishinda nayo 2011, Stig Blomqvist akashinda nayo 2015. Mtu asiyepima nyuma ya 911 asimpe mwenziwe aiendeshe.

MAALIM: Hebu nieleze sababu, bwana, kisha unisahihishe. Kwenye kona uzito unahamia gurudumu la nje. Gurudumu hilo la nyuma likiwa na pua ndani, linausukuma mkia urudi kwenye mstari. Likiwa na pua nje, linauvuta mkia utoke kwenye kona. Kwa gari lenye mzigo wa injini nyuma kabisa, mkia ukianza kutoka hausimami kwa urahisi.

FUNDI WA MOMBASA: Sawasawa. Ongeza na hili. Mkono wa nyuma wa 911 hizo za zamani umefungwa mbele ya gurudumu, kwa mpira. Ukikanyaga mafuta, gurudumu linausukuma mkono kwenda mbele. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, gurudumu linaburutwa nyuma, mpira unakubali, pua inafunguka nje, na hapohapo uzito umekimbilia mbele nyuma ikabaki nyepesi. Mambo matatu kwa wakati mmoja, yote yanavuta upande mmoja. Ndiyo maana nyuma tunaipanga iwe na pua ndani kidogo tangu gari limesimama, ili ikifunguka ifikie kunyooka, isipite. Porsche walipotoa 928 mwaka 1977 waliipa eksili ya nyuma waliyoiita Weissach, kwa jina la mji wa kituo chao cha uhandisi, iliyobuniwa ili dereva akiachia mafuta gurudumu lifunge pua ndani badala ya kuifungua.

MAMA: Hiyo "kidogo" ni kiasi gani? Mafundi mnapenda sana neno hilo.

MAALIM: Digrii moja ina dakika 60. Vitabu vya magari hayo huhesabu kwa dakika. Dakika 10 kwenye rimu ya inchi 15 ni milimita moja na kitu kidogo, tofauti kati ya ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma.

FUNDI WA BANISSA: Milimita moja! Sasa hapo shemeji ndipo ninapokushika. Utapima milimita moja chini ya mgunga, kwa uzi, upepo unavuma, sakafu ni mchanga? Kubali tu kwamba kazi hiyo ni ya mashine.

Hoja hii ni nzito kuliko inavyosikika, na nisingependa fundi wa Mombasa aipite kwa haraka. Watu wanaotetea uzi huusifu kana kwamba una baraka fulani. Hauna. Uzi ni mstari tu. Mashine nayo ni mstari tu, wa mwanga. Kila kimoja kinasema ukweli kuhusu gari lililowekwa mbele yake, na gari lililowekwa vibaya litapata majibu mabaya kwa vyote viwili. Niliwahi kushika karatasi ya mashine iliyopimwa gari likiwa limetoka tu kushushwa kwenye jeki. Namba zake zilikuwa nadhifu, na hazikuwa na maana.

FUNDI WA MOMBASA: Uzi unaweza kuonyesha milimita moja, mradi uwe wa mwashi, mwembamba, uliokazwa, na upime kwa rula ya chuma badala ya futi kamba. Chukua mabomba mawili yenye urefu unaofanana. Yakate alama mbili, umbali uleule kwenye kila bomba. Moja lilale mbele ya gari, moja nyuma, nyuzi mbili zipite kwenye alama, kila upande uzi mmoja, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu. Mabomba yakikaa sambamba, nyuzi hizo nazo zitakuwa sambamba. Sasa sogeza mabomba mpaka umbali kutoka uzi hadi kitovu ulingane kushoto na kulia kule mbele, na ulingane kushoto na kulia kule nyuma. Mbele na nyuma havilazimiki kufanana, maana magari mengi upana wake wa mbele si sawa na wa nyuma. Hapo umepata mstari wa katikati wa gari bila kuulizana na mtu. Kisha pima kila rimu ya nyuma, ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma.

FUNDI WA BANISSA: Na rimu ikiwa imepinda?

FUNDI WA MOMBASA: Pima, sukuma gari mpaka gurudumu lizunguke nusu, pima tena, chukua wastani.

FUNDI WA BANISSA: Na mwinamo?

FUNDI WA MOMBASA: Timazi. Ning'iniza kutoka juu ya rimu, pima nafasi juu na chini. Mwashi yeyote aliyejenga msikiti hapa anayo.

FUNDI WA BANISSA: Sakafu?

FUNDI WA MOMBASA: Hapo ninakuhitaji wewe.

FUNDI WA BANISSA: Basi nisikilize. Sakafu naiweza. Mahali pa magurudumu manne natengeneza vibao vinne, napima kwa pimamaji na ubao mrefu, chini naweka mchanga mpaka vilingane. Juu ya kila kibao naweka vipande viwili vya bati na grisi katikati, tairi likikaa juu liteleze lenyewe, lisishike. Nafanya hivyo nikipima mbele. Usipofanya, gari likishuka kwenye jeki tairi linabaki limejibana, na kipimo ni uongo. Kisha nalisukuma mbele na nyuma, naruka juu yake likae.

FUNDI WA MOMBASA: Wallahi shemeji, kuna magereji makubwa yasiyofanya hayo.

FUNDI WA BANISSA: Sijamaliza. Gari nalipima likiwa na magunia. Mama huyu hasafiri bila mzigo. Wewe unapima Porsche yako tupu, kwa sababu kitabu kimesema tupu. Kitabu kiliandikwa kwa mtu anayekwenda kazini Ujerumani. Nyuma yako inaposhuka kwa mzigo, mwinamo unabadilika, mwelekeo unabadilika, umesema mwenyewe mkono unazunguka kwenye mpira. Basi kile ulichopima tupu kimekufa mzigo ulipopanda.

FUNDI WA MOMBASA: Kitabu kina haki yake. Kinanipa mahali pa kuanzia ambapo kila fundi duniani anaweza kurudi. Nikipima mimi na magurudumu mawili ya akiba na mwenzangu apime na matatu, hatuelewani.

MAALIM: Andikeni vyote viwili.

FUNDI WA BANISSA: Andika, lakini ujue ni kipi gari linaishi nacho.

Hapa mimi nipo upande wa fundi wa Banissa, na sioni haja ya kujificha nyuma ya usuluhishi wa maalim. Gari la Safari, la zamani au la sasa, huinuliwa juu kuliko lilivyotoka kiwandani ili lisikwame kwenye mawe. Kwa 911 hizo za zamani kuinua huko kunafanywa kwenye fimbo ya chuma inayosokotwa ndani ya bomba, ambayo ndiyo springi yake. Ncha ya ndani ya fimbo ina meno 40, ya nje ina meno 44. Ukisogeza jino moja upande huu na jino moja kinyume upande ule, umebadilisha pembe kwa kama dakika 50, kwa hiyo kimo hupangwa taratibu sana. Na kila ukigusa kimo, mwinamo na mwelekeo vinahama. Mpangilio wa kiwanda unakuwa umekwisha kuvunjwa tangu hapo. Anayeinua gari kisha akarudi kwenye namba za kitabu kana kwamba hajaliinua, anafuata kitabu kwa mkono mmoja na kukichana kwa mkono mwingine. Kimo kwanza, mzigo wa safari ndani, dereva au uzito wake kwenye kiti, kisha mwinamo, kisha mwelekeo mwisho kabisa. Kwenye 911 boliti mbili zenye kitovu kilichohama, pale bati la springi linapokutana na mkono, ndizo zinazofanya kazi hiyo, moja kwa mwinamo na moja kwa mwelekeo. Ukigusa moja, nyingine inavurugika, kwa hiyo unarudia na kurudia. Hakuna njia ya mkato niijuayo.

MAMA: Nina neno. Nililipeleka gari kwenye gereji ya mjini, yenye mashine. Nikapewa karatasi. Namba za mbele zilikuwa kijani, za nyuma nyekundu. Nikauliza, nikaambiwa za nyuma achana nazo, hazirekebishiki. Nikalipa. Kwa nini nililipa?

FUNDI WA MOMBASA: Ulilipia nusu ya kazi, mama. Nyekundu ile ilikuwa inakuambia eksili imehama, au bomba limepinda. Mashine ilifanya kazi yake. Aliyeisoma ndiye aliyeiacha.

FUNDI WA BANISSA: Na wakapanga mbele kufuata nini? Kama walipanga kwa mstari wa katikati wa gari na nyuma inasukuma kwingine, usukani utakaa kombo ukiwa umelipa au hujalipa.

DEREVA: Ulikaa kombo. Tangu siku ileile.

MAMA: Basi mimi nataka daftari. Si chaki ukutani inayofutwa na mbuzi. Gari likiingia, andika umbali kutoka kitovu cha mbele hadi cha nyuma, kushoto na kulia. Likitoka, andika tena. Daftari likae ndani ya gari. Kijana huyu akibadilishiwa springi Rhamu au Elwak, fundi wa huko aone.

FUNDI WA BANISSA: Hilo nitafanya kila nikifungua springi. Kila mwezi sitafanya, shemeji asinilazimishe. Njia hii itanipindia bushi wiki hiyohiyo.

FUNDI WA MOMBASA: Bushi ikilegea, kupima ni kupoteza muda, hapo tunakubaliana. Bushi na beringi kwanza, upepo wa tairi kwanza. Lakini bushi zikiwa nzima usiniambie njia ndiyo inayohamisha eksili. Yubolti iliyokazwa vibaya ndiyo inayohamisha. Zikaze, gari liende na mzigo siku moja, uzikaze tena. Sisi kwenye mbio za kale, magari yanapoingia kituo cha huduma, boliti za nyuma zinatazamwa kabla dereva hajanywa maji.

FUNDI WA BANISSA: Nikuulize la mwisho, kwa sababu linanisumbua tangu uanze habari za nyuzi. Umesema tusogeze mabomba mpaka vitovu vilingane kushoto na kulia. Vitovu vya nyuma viko kwenye eksili ileile ninayoishuku. Na vya mbele viko kwenye chesisi ambayo labda ilipinduka miaka ya nyuma. Uzi wako unasimama sambamba na nini? Unamwomba mshtakiwa akupe ushahidi.

MAALIM: Hoja hiyo ni sahihi kabisa.

FUNDI WA MOMBASA: Ni sahihi, na kwa gari ambalo historia yake huijui, uzi si wa kwanza. Tafuta tundu nne kwenye chesisi ambazo kiwanda kilitoboa, mbili mbele na mbili nyuma, za kushoto na za kulia zikiwa zimekaa sawa. Teremsha timazi kutoka kila tundu, tia alama chini. Toa gari. Pima mshazari, kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha ule mwingine. Mishazari ikilingana, chesisi haijapinda kwenda pembeni, na mstari unaopita katikati ya alama hizo ndio mstari wa gari. Nyuzi zako zifuate huo, si vitovu. Kwenye 240Z iliyogongwa tunaanza hivyo kila mara, kwa sababu bodi ndiyo chesisi, na bodi iliyonyooshwa na mtu usiyemjua huiamini.

FUNDI WA BANISSA: Na isipolingana?

FUNDI WA MOMBASA: Isipolingana kwa milimita mbili tatu, unapanga nyuma kufuata mstari wa katikati, mbele inafuata nyuma, gari linakwenda. Ikiwa ni sentimita, hakuna boliti wala bushi itakayokusaidia. Hiyo ni kazi ya kuvuta chesisi kwa minyororo, na mwenye gari aambiwe hivyo waziwazi kabla hajalipa chochote.

MAMA: Langu lilipinduka. Kabla sijalinunua. Aliyeniuzia alisema ni mkwaruzo wa rangi.

FUNDI WA BANISSA: Basi tuanze na timazi. Kijana, shusha magunia yote, kwa hili linatakiwa tupu. Tukimaliza chesisi tunayarudisha ndipo tufunge nyuzi. Shemeji, wewe shika upande wa kulia.